Neno Ambalo Isihaka Hakulilainisha

Isihaka bin Muharami alikuwa mtu wa kukuchelewesha. Ukimwuliza saa, atakujibu na utaendelea na safari yako. Ukimwuliza neno la Kiingereza, umekwisha. Kaa kitako, mwambie mwenzako atangulie. Mtaa mzima wa Ilomba ulimjua hivyo. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuja kwake alasiri na swali dogo la kazi ya nyumbani, kwamba "say" na "tell" yanatofautianaje, akaondoka pale vibatari vimeshawashwa na kazi yenyewe hajaandika hata mstari.

"Hao ni ndugu wa tumbo moja," Isihaka alimwambia, "lakini kila mtu na tabia yake. 'Say' hajali kama yupo wa kumsikiliza. Anasema zake, basi. 'Tell' hatoki nyumbani mpaka ajue anakwenda kwa nani. 'Talk' hawezi kukaa peke yake, lazima apate mwenzake. Na 'speak' ndiye kaka mkubwa, akitoka huvaa koti."

"Na yule anayeongea mpaka chai inapoa anaitwaje?" Mwamvita, mkewe, aliuliza kutoka jikoni.

"Huyo anaitwa mume wako."

Mwamvita akacheka, akaja kuimwaga chai ile na kumletea nyingine. Walikuwa wamezoeana hivyo kwa miaka mingi.

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa mahakama pale Mbeya, na maneno ya Kiingereza yalikuwa kwake kama jembe kwa mkulima. Lakini ugonjwa wenyewe aliupata kabla ya kazi. Alizaliwa Usukumani, ambako baba yake, mtu wa asili ya pwani, alikuwa na duka la kanga na chumvi, na mtoto alicheza na watoto wa wafugaji mpaka akajua Kisukuma kabla hajakijua vizuri Kiswahili cha nyumbani kwao. Mzee Muharami alipohamia Iringa, Isihaka alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Akasoma kidogo, akaajiriwa na Mzungu mmoja aliyelima tumbaku nje ya mji. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alimwambia awatunze ndama, "look after the calves", naye akajua ametumwa kuwatafuta. Akashika fimbo, akaingia porini. Akapita bonde hili na lile, akauliza wapita njia, akapanda kilima na kushuka. Jioni akarudi miguu imevimba, kuomba radhi kwamba ndama hawaonekani. Ndama walikuwa bandani, wamefungwa, wamelia kiu tangu asubuhi.

Yule mama hakumgombeza. Alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kile kilimuuma Isihaka kuliko bakora. Kilichomuuma zaidi ni wale ndama. Kosa la neno alilitenda yeye, kiu wakaipata wao. Tangu siku hiyo akajiapiza kwamba hatalitumia neno la watu kabla hajajua linakula nini na linalala wapi.

Basi alipoingia mahakamani aliingia na ubishi huohuo. Kiswahili chetu kina "kupiga" mmoja, naye hufanya kazi zote: kupiga kofi, kupiga risasi, kupiga pasi, kupiga simu. Shahidi akisema "alinipiga", wakalimani wengine walitupa neno la kwanza lililokuja mdomoni. Isihaka angesimama, akaomba ruhusa kwa Jaji amwulize shahidi: mara moja au mara nyingi? Kwa mkono au kwa kitu? Kwani Kiingereza kina "hit", kina "beat", kina "strike", na baina ya hilo na lile mtu anaweza kupoteza miaka ya maisha yake. Mawakili walitazama saa zao na kupumua kwa nguvu. Majaji walimpenda. Watu wa kijiji waliokuwa wameshinda kesi walimletea jogoo, naye akawarudisha na jogoo wao. "Mimi sikukusaidia," aliwaambia. "Nimesema ulichosema. Kama ungesema uongo, ningeusema uongo wako vilevile, tena kwa Kiingereza kizuri."

Alikuwa hivyo. Ungeweza kumkasirikia, lakini usingeweza kumdharau.

Sasa nikupeleke kwenye ile kesi. Ulikuwa mwezi wa saba wa mwaka sabini na sita, baridi ya Mbeya imekamata, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka juu ya mabati ya mji, na watu mahakamani wamekaa na makoti. Jaji aliyekuja kusikiliza alikuwa mtu mweusi kama sisi, lakini alitoka visiwa vya mbali huko ng'ambo ya bahari ya magharibi, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "asante". Kizimbani alisimamishwa mwanamke mmoja mwembamba, Kalista, mke wa mfugaji kutoka bonde la Usangu. Watu wake walihama na ng'ombe zao kutoka Usukumani, kaskazini, na Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni tu. Alishtakiwa kwa kumuua mumewe, Ndalahwa. Sheria ilisema anayeua kwa kukusudia ananyongwa, na kila mtu mle ndani alilijua hilo, naye Kalista pia.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jioni moja ya masika majirani walimsikia Kalista akimfokea mumewe. Asubuhi Ndalahwa akakutwa ukingoni mwa mto, amekufa, kichwa kimepasuka. Mgambo walipofika msibani walimkuta Kalista amejitwika mikono kichwani, analia, "Nimemuua, mimi ndiye niliyemuua." Wakamchukua. Akaulizwa kituoni, kupitia mtu aliyejua lugha yake, kama ni kweli amemuua mumewe. Akajibu ni kweli. Akaweka dole gumba.

Aliposomewa shitaka mbele ya Jaji, akaweka tena mikono kichwani. Akalisema neno lilelile kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini iliyovutwa mwishoni, na kitendo alichokitaja kilikuwa kubulaga. Isihaka alilijua neno hilo tangu utotoni. Ni kuua, halina nyumba nyingine. Akalipeleka kwa Jaji lilivyo: "I have killed my husband."

Jaji akaandika. Akaeleza kwamba shitaka la namna hii haliishii kwenye kukiri. Lazima ushahidi usikilizwe. Wakili aliyepangiwa kumtetea, kijana aliyefika kutoka Dar es Salaam juzi yake, alikuwa amejaribu kuzungumza na Kalista mahabusu kwa msaada wa askari mmoja, na hakupata ila machozi na neno lilelile. Alichobakiza ni kuomba huruma, kwamba mama wa watu alipandwa na hasira.

Isihaka hakupenda jinsi neno lile lilivyomtoka Kalista. Siyo kwamba alijua jambo. Hakujua. Huenda yule mwanamke alishika mchi kweli akampasua mwanaume wake. Yametokea, na wengine walikuwa wembamba kuliko yeye. Ila ile mikono kichwani na ule mvuto wa mwishoni vilimkumbusha utoto wake na matanga ya Usukumani, na kazi yake haikumruhusu kukumbuka kwa sauti. Mkalimani hana ushahidi wa kutoa. Ana mdomo tu, na mdomo wenyewe ameuapia.

Mahakama ilipoahirishwa, alimkuta barazani mama mzazi wa marehemu Ndalahwa, kikongwe aliyejifunika shuka nyeusi, ameletwa kutoa ushahidi kesho yake juu ya ule ugomvi wa jioni. Alikuwa ameketi sakafuni, anajitikisa, anasema peke yake. Ambrosi, karani wa mahakama, Mhehe wa Kalenga na rafiki wa Isihaka wa siku nyingi, akasimama kuwasikiliza.

"Bibi anasema nini?"

"Anasema amemuua mwanawe."

"Naye?"

"Naye."

Ambrosi akashusha sauti. "Sikia, ndugu yangu. Kesho akipanda pale na akasema hivyo, usimtafsirie hivyo. Wewe unayo maneno mengi kuliko duka la Mhindi. Sema anajilaumu. Sema anajiona ana makosa. Usimtie mama wa watu kitanzini bure, kwa neno tu."

Ushauri ulikuwa mzuri, na ndiyo sababu ulimkera. Maneno anayo, tena safi kabisa. "I blame myself." Kifungu hicho alikipenda miaka yote; kina heshima, kinainamisha kichwa. Kuna "it is my fault", kuna "he died because of me". Yote yangemfaa kikongwe yule na hakuna ambaye angeinua hata jicho. Lakini alikuwa ameshampa Kalista, mkwe wa bibi huyo, "kill" asubuhi ile, na limeandikwa. Akimlainishia mama, karatasi itabaki na muuaji mmoja na mzazi mmoja mwenye huzuni. Na wote wawili wametumia neno moja, kwa sauti moja, mikono kichwani. Asipomlainishia, huenda akampandisha kizimbani bibi kizee asiye na meno. Na kurudi nyuma kumlainishia Kalista, akasema "samahani, jana nilikosea", huo ni uongo, kwa sababu hakukosea.

Alikwenda nyumbani kwa miguu mpaka Ilomba, njia nzima hasalimii watu vizuri. Mwamvita alikuwa amepika makande. Alikula vijiko viwili akaisukuma sahani.

"Makande yamekukosea nini?"

Akamsimulia yote, mpaka maneno ya Ambrosi. Mwamvita alisikiliza huku akichochea jiko la mkaa ili chumba kipate joto. Kisha Isihaka akasema jambo ambalo mle ndani halikusemwa mara nyingi.

"Mama Bibie. Siku ile ya Bibie, Iringa. Kama angekuwapo askari mlangoni?"

Bibie alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa kichomi, msimu wa upepo, Isihaka yupo shambani kwa Mzungu na Mwamvita yupo peke yake na mtoto. Asubuhi alikuwa amemwogesha nje. Siku zote za matanga Mwamvita alilia kwamba amemuua mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, na wanawake wakamshika, wakamkanda mabega, wakampa uji. Hakuna aliyekwenda polisi.

"Angeandika," Mwamvita akasema. Akaendelea kuchochea. "Na wewe angekuandika. Umesahau? Ulifika umelowa, ukasema wewe ndiye uliyemuua kwa kuchagua kazi ya watu. Na mama yako naye, kwamba yeye ndiye aliyetuambia tuhamie nyumba ile yenye dirisha bovu. Sote tulisema, mume wangu. Angekosa wino."

Isihaka alimtazama sana. Machozi yalimlenga na hakuyaficha. Akavuta sahani, akala makande yake yote. Bado aliogopa. Kama hesabu yake ilikuwa na kasoro, kesho jioni wanawake wawili wangelala mahabusu badala ya mmoja, na Ambrosi asingemsamehe, wala yeye mwenyewe.

Kesho yake mama mkwe wa Kalista alipandishwa kwanza. Alisaidiwa ngazi, akaapishwa kimila, akashika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Wakili wa Serikali, mtu mpole mwenye kazi yake, akamwuliza kama alisikia ugomvi wa jioni ile. Alisikia. Mkwe wake alisema nini? Alimwambia mumewe aende akamfuate mtamba wao, ng'ombe mchanga anayekaribia kuzaa, aliyebaki ng'ambo ya mto. Halafu? Kikongwe aliweka mikono kichwani.

Isihaka alilisikia neno likija kabla halijafika. Kile kifungu chake kizuri kilikuwa kimeshakaa kwenye ulimi, kimevaa, kimesimama mlangoni. Ambrosi, mezani kwake chini ya Jaji, alikuwa anamtazama.

"I have killed my son," Isihaka akasema.

Wazee wa baraza watatu waliokaa kumshauri Jaji wakageuziana shingo. Wakili wa Serikali akauliza kwa upole kama mkalimani ana hakika.

"Nina hakika, Mheshimiwa. Ni neno lilelile la mshitakiwa jana. Halikuongezwa wala halikupunguzwa."

Jaji akamtazama juu ya miwani, akaandika. Ambrosi akainamisha uso kwenye karatasi zake na hakuuinua tena. Kikongwe aliambiwa akae mle mle ndani, na askari akasogea karibu naye kidogo. Mwendo ule mdogo wa askari Isihaka aliuona.

Akapanda Limbu, mdogo wa marehemu, mwanaume mrefu aliyekuwa akikunja na kukunjua kofia yake. Ndiye aliyemkuta nduguye. Akaulizwa aeleze alivyomkuta. Akaeleza kwamba amelala kwenye mizizi ya mti, pale mto unapopinda, miguu majini. Na nani alikuwa naye jioni ile? Limbu akaanza kujibu, sauti ikamkatika. Kofia ikaanguka. Mikono yote miwili ikapanda kichwani, mwanaume mzima, mbele ya watu, na neno likatoka na mvuto wake.

"I have killed my brother," Isihaka akasema.

Jaji hakuandika. Aliiweka kalamu juu ya meza, akavua miwani.

"Bwana Mkalimani," akauliza, "ni watu wangapi waliomuua mtu huyu?"

Hapo ndipo wengine tungejimwaga. Mlango umefunguliwa na mkubwa mwenyewe; mtu angeingia akahutubia mila na desturi, matanga na utoto wake, mpaka saa ya chakula. Isihaka aliinamisha kichwa kidogo.

"Mheshimiwa Jaji, mimi ni mdomo tu. Wao wapo. Wakiulizwa, watasema."

Jaji akafikiri. Akamgeukia Limbu, akamwuliza taratibu, swali ambalo kwa miezi yote ile, kituoni na mahabusu, halikuwa limeulizwa: alimuua namna gani?

Limbu akafuta uso. "Alinipitia jioni ile. Akaniambia, mdogo wangu, twende wote tukamtoe mtamba, mto umejaa. Mimi nilikuwa na kibuyu cha pombe na wageni. Nikamwambia tangulia. Akaenda peke yake. Ningekwenda naye, ningemshika mkono. Nani amemuua kama si mimi?"

Yule wakili kijana wa utetezi alikuwa ameshasimama, macho yamemtoka. Akaomba mama mkwe aulizwe vilevile. Kikongwe akajibu alipokaa, bila kupanda kizimbani, na Jaji hakumzuia.

"Alikuwa amekaa zake kule kwetu. Mimi ndiye niliyemwita. Nilimtumia watu wamwambie mwanangu njoo, huku Usangu majani ni mengi na maji ni mengi. Nilimwambia maji ni mengi. Kwa mdomo wangu huu."

Isihaka aliyatafsiri hayo yote polepole, neno kwa neno. Mmoja wa wazee wa baraza, Msafwa mwenye mvi, alitoa kitambaa akapenga kamasi.

Mwisho akaulizwa Kalista. Alisema hana la kujitetea. Aliambiwa haulizwi kujitetea, anaulizwa alimuua namna gani. Alisimama, vidole vinachezea pindo la kanga.

"Nilimwambia ni mwanaume gani anayelala na mtamba wake yuko ng'ambo ya mto na mvua inakuja. Nilimwambia watoto watakunywa nini. Nilimwambia mbele ya mama yake. Hakunijibu. Alichukua fimbo akatoka." Akaliachia pindo. "Asubuhi mtamba alirudi mwenyewe."

Wakili kijana akamwuliza kama alimfuata mtoni. Hakumfuata, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kama alimpiga kwa chochote. Kalista aliduwaa, kama mtu aliyeulizwa swali la kiwendawazimu.

"Nimpige Ndalahwa? Kwa nini?"

Yaliyobaki yalikwenda kwa utaratibu wake. Daktari aliyeukagua mwili akaulizwa, akakubali kwamba jiwe la mtoni linapasua kichwa sawasawa na rungu, hasa maji yakiwa na kasi. Majirani wakaitwa, wakathibitisha kwamba Kalista hakutoka nyumbani usiku ule. Wazee wa baraza wote watatu walimshauri Jaji kwamba hana hatia. Wakili wa Serikali hakung'ang'ania. Jaji akasoma hukumu yake kwa sauti nzito ya kwao, akamwachia Kalista huru, na kabla hajainuka akageuka upande wa Isihaka. Akamwambia asante, kwa Kiswahili. Isihaka hakujua afanye nini na asante ile, akaanza kupanga karatasi ambazo hazikuwa zake.

Ambrosi alimfuata barazani. Hakutafuta maneno. Alimshika bega na kumtikisa, akasema, "Wewe mtu wewe."

Nje jua lilikuwa limetoboa ukungu. Lori la mtu mmoja wa Rujewa lilikuwa linapakia magunia matupu, na dereva alikubali kuwarudisha Usangu wale watu watatu. Limbu alikuwa ameshapanda, anawanyooshea mkono. Lakini wale wanawake wawili walikuwa wamesimama chini, karibu na gurudumu, wanasemezana kwa ukali. Kikongwe alimshika Kalista kanga ya kifuani. Kalista alikuwa anatikisa kichwa, analia, anakataa. Isihaka na Ambrosi waliwasikia kutoka pale walipo.

"Niliyemuua ni mimi, mama," Kalista alikuwa anasema. "Wamesema sikumuua kwa sababu hawajui. Mimi ndiye niliyemfukuza nyumbani kwake."

"Nyamaza, mtoto," kikongwe akajibu. "Mimi nilimwita kabla wewe hujamfukuza. Nilianza mimi. Usininyang'anye mwanangu hata hapo."

"Sikunyang'anyi, mama."

"Basi niachie."

"Sikuachii."

Ambrosi hakujua Kisukuma hata cha kuombea maji. Aliwatazama kwa wasiwasi, akamgeukia rafiki yake. "Haya tena, wanagombana? Wanasema nini?"

Isihaka alikuwa na neno, neno lilelile alilolishika siku mbili mbele ya Jaji na hakulibadilisha hata kwa hofu. Lakini hapa hapakuwa na kiapo, na Ambrosi hakuwa na kalamu. Aliwaangalia wale wawili mpaka kikongwe alipoiachia ile kanga, akaishika tena, safari hii kumvuta mkwe wake kifuani.

"Wanamlia mtu wao," akasema.